Miami au Medellín: mji upi uupeleke kwenye mdahalo wa vijana wa Mwanza?

Kila mwaka hoja ni ileile, na kila mwaka huletwa na mwanafunzi anayeamini ameivumbua yeye: pesa haramu nayo hujenga mji. Mwaka juzi aliileta kijana mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa Igogo, mwepesi wa mdomo na mzuri wa hesabu. Alisimama, akanyoosha tai, akasema, "Madam, Miami yote ile imesimamishwa na unga. Maghorofa yale, magari yale. Mbona haikufa? Si ndiyo kwanza watu wanakwenda kutalii?" Darasa likapiga meza. Mimi nikabaki na chaki mkononi, maana jibu la "ni kosa kisheria" halijawahi kushinda mdahalo hata mmoja.

Tangu siku ile nimeendesha hoja hiyo mara mbili, kwanza kwa kutumia Medellín ya Colombia, kisha kwa kutumia Miami ya Marekani. Wenzangu wanaosimamia vikundi vya vijana, shuleni na hata parokiani, huniuliza wachukue upi. Ni miji miwili ya biashara moja, ya kokeni: mmoja ulikuwa ukipeleka mzigo, mwingine ukiupokea. Lakini ukiwa Mwanza, una saa moja na nusu tu na vijana arobaini wenye njaa ya saa nane mchana, utaona haraka kwamba miji hiyo haifundishi kitu kimoja.

Neno moja kwanza, kabla ya mizani. Vijana wetu wakisema "unga" huwa wanamaanisha heroini, ile inayoshushwa pwani kwa majahazi kutoka Bahari ya Hindi. Kokeni ni kitu kingine: hutokana na majani ya koka, mmea wa milima ya Andes unaolimwa Peru, Bolivia na Colombia. Usipolisema hili mapema, nusu ya kipindi itaishia kwa teja wa stendi ambaye kila mtu anamjua.

Pesa inavyoingia mjini

Hapa Miami inaiacha Medellín mbali, kwa sababu Miami unaweza kuipima kwa mizani ya Mwaloni, soko letu la samaki.

Andika hesabu hii ubaoni. Noti moja ya dola ina uzito wa gramu moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilo moja ya kokeni iliuzwa Miami, kwa bei ya jumla, kama dola 50,000. Mtaani pesa hutembea kwa noti ndogondogo. Tuseme za 20. Dola 50,000 ni noti 2,500, yaani kilo mbili na nusu. Pesa ni nzito kuliko mzigo wenyewe! Dola milioni moja kwa noti hizo ni kilo 50, uzito wa mfuko mmoja wa saruji. Niliwaambia wamfikirie mtu anayetakiwa kuhamisha mifuko kumi ya namna hiyo bila jirani kuona, kisha aifikishe benki. Yule kijana wa Igogo alicheka wa kwanza: "Atatafuta Fuso, madam."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kuuza halikuwa tatizo la mfanyabiashara wa kokeni wa Miami. Tatizo lake lilikuwa pa kuweka noti. Watu waliingia benki na maboksi ya kadibodi na mabegi ya safari. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 ilizitaka benki zitoe taarifa ya kila anayeleta zaidi ya dola 10,000 taslimu, lakini kwa miaka mingi ilibaki sheria ya kwenye makaratasi. Mwaka 1979 tawi la benki kuu mjini Miami likajikuta na ziada ya noti inayozidi dola bilioni 5. Ziada hiyo ndiyo iliyowashtua maofisa kuliko maiti: watalii hawajaja kwa wingi huo, machungwa hayajauzwa kiasi hicho, sasa noti zinatoka wapi? Mwaka 1980 ikaanza operesheni ya kuzifuatilia, ikaitwa Greenback, na mwaka 1986 utakatishaji fedha ukafanywa kosa la jinai linalosimama peke yake.

Kutoka benki pesa ilitambaa kwenye ardhi. Barabara ya Brickell iliota maghorofa ya benki na ya makazi katika miaka ambayo sehemu nyingine za Marekani zilikuwa zimekabwa na riba kubwa. Wauza magari ya kifahari, masonara, madalali wa nyumba, mawakili: wengi hawakuwahi kuiona kokeni kwa macho, ila walikula kwa noti zake. Hiyo ndiyo nusu ya ukweli ya kijana wangu, na nashauri umpe nusu yake, kwa sababu ukimnyima atajua unamficha. Nusu ya pili ni kwamba Miami ilikuwa inakua tayari. Wakuba waliokimbia kwao baada ya mapinduzi ya 1959 walishafungua maduka na viwanda vidogo, bandari na uwanja wa ndege vilishakuwa mlango wa Amerika ya Kusini, na matajiri wa nchi zile walishazoea kuweka akiba zao huko. Ondoa kokeni, na maghorofa yatapungua. Mji hautapotea.

Medellín ilianza kwa mlango mwingine. Ulikuwa mji wa nguo, kama sisi tulivyokuwa na Mwatex, kiwanda chetu cha nguo, ila mara nyingi zaidi. Jengo refu la katikati ya mji, mali ya kampuni ya nguo ya Coltejer, lilikamilika mwaka 1972, na kilele chake kilichongwa kama sindano ya kushonea. Haikupita miaka mingi viwanda vikaanza kuyumba. Vijana walioshuka kutoka vijijini wakakuta mageti yamefungwa, na kokeni ikawakuta hapohapo getini. Dola zilivyorudi, benki kuu ya Colombia ilikuwa na dirisha la kuzibadilisha ambako hukuulizwa umezipata wapi. Watu walilibatiza dirisha la kushoto, na kwa Kihispania neno lile hubeba maana mbili, ya kushoto na ya kitu cha shari. Wazee wetu wanaokataza kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto wasingehitaji mkalimani.

Hilo dirisha ni kitu kizuri cha kufundishia. Lakini ukilitaja tu, swali linalofuata ni "na Pablo je?", na kipindi kimeshakuponyoka. Nitarudi kwa huyo Pablo Escobar, bosi wa kokeni wa Medellín.

Mizani yetu ni sangara

Mji wowote utakaouchagua, usianze nao. Anza na sangara. Kijana wa Mwanza hahitaji kuelezwa mji unapopata pesa za ghafla kutoka nje hufanyaje. Amezaliwa ndani yake. Sangara alipandwa ziwani miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980, na miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajipanga ufukweni. Ndege za mizigo zikatua kuchukua samaki kwenda Ulaya. Kodi za nyumba zikapanda, makambi ya visiwani yakajaa watu wenye noti za jioni moja, na injini ya boti ikawa kitu cha kuibiwa kwa bunduki usiku katikati ya maji. Minofu ikapanda ndege, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki, na mama zetu wakayakaanga wakayauza Mabatini kwa shilingi walizoweza kupata. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilipofunga mlango kwa vipindi, tukaona jinsi mji unavyokauka koo.

Leo ni mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara. Nilimpeleka mwanafunzi mmoja Mwaloni Kirumba akamwangalie mzee anayepima mabondo makavu. Vidole vya yule mzee vilikuwa vimeganda utepetepe wa samaki, na noti alizohesabu zilikuwa na magamba mawili matatu yamenata, yanang'aa. Alimwuliza kijana, "Unajua hili bondo moja linazidi bei ya nyama yote lilikotoka?" Kijana akaandika. Baadaye ndiye aliyeuliza swali bora la mdahalo wote: sangara nao wameleta pesa za ghafla na wizi na bei za juu, kwa hiyo kokeni ina tofauti gani zaidi ya kuwa haramu?

Tofauti ipo, na bila kuisema huwezi kueleza uhalifu wa mji wowote kati ya hii miwili. Wakala akikudhulumu samaki, unakwenda BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Ikishindikana, mtendaji wa kata, polisi, mahakama ya mwanzo. Utasumbuliwa, utazungushwa, pengine utatoa chochote kidogo, lakini kuna mlango wa kubisha. Aliyedhulumiwa kilo kumi za kokeni hana wa kumshtakia. Hakuna mkataba, hakuna stakabadhi, hakuna hakimu. Kwa hiyo kila deni linalindwa na hofu, na hofu hulindwa na mtu aliye tayari kuua hadharani ili wengine walipe kwa wakati. Wahenga wa biashara hiyo hawakuua kwa sababu ya hasira. Waliua kama sisi tunavyopeleka barua ya madai.

Nani anakufa

Julai 11, 1979, mchana kweupe, watu waliokuwa na bunduki za rashasha waliingia duka la pombe kwenye jengo la maduka la Dadeland, kusini mwa Miami, wakaua wanaume wawili wa biashara ile na kujeruhi wafanyakazi. Nje waliacha gari limeandikwa kuwa ni la vifaa vya sherehe. Ndani lilikuwa limekingwa kwa vyuma na kujaa silaha. Mwaka uliofuata mji ulipata mapigo mfululizo. Mwezi Mei askari walioshtakiwa kwa kifo cha Arthur McDuffie, mtu mweusi aliyekuwa wakala wa bima, waliachiwa huru, na ghasia zikaua watu 18. Kati ya Aprili na Oktoba Wakuba wapatao 125,000 waliwasili kwa boti kutoka bandari ya Mariel. Siyo sahihi kuwabebesha hao kokeni, ingawa watu wengi wa wakati ule walifanya hivyo. Mwaka 1981 kaunti nzima ya Dade, ulimo mji wa Miami, ilihesabu mauaji 621, na mchunguzi wa maiti akakodi trela lenye jokofu kwa sababu vyumba vyake vilijaa.

Medellín ilikuwa mahali pengine kabisa. Mwaka 1991 waliuawa zaidi ya watu 6,000 katika mji mmoja, kiwango cha kama 380 kwa kila watu 100,000.

Namba hizi zikikaa hivyo hazisemi kitu. Wanafunzi huziandika na kupiga miayo. Zigeuze ziwe Mwanza. Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni moja na laki moja kwa sensa ya 2022. Kwa kiwango cha Dade cha 1981, tungekuwa tunazika aliyeuawa mmoja kila siku. Kwa kiwango cha Medellín cha 1991, kumi na mmoja. Kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Nilipoiandika kumi na mmoja ubaoni hakuna aliyepiga meza. Msichana mmoja aliuliza makaburi ya Igoma yangetosha mpaka mwezi gani, na hakuwa anatania.

Kwenye kipengele hiki Medellín inashinda, na siyo kwa sababu ya idadi tu. Waliokufa kule walikuwa wa umri wa wanafunzi wangu. Muuaji wa kukodiwa alikuwa kijana wa mitaa ya milimani, amepakizwa nyuma ya pikipiki. Ndivyo alivyouawa waziri wa sheria Rodrigo Lara Bonilla, Aprili 1984. Ukisema pikipiki kwa kijana wa Mwanza, ambaye kaka yake ana bodaboda ya mkopo, umeshamfikia. Na ile mitaa! Mpe picha ya vibanda vya matofali vinavyopanda mlima mmoja juu ya mwingine, ngazi za kuchonga, maji ya kubeba kichwani, atakuuliza kama ni Mabatini au kule juu ya Bugando.

Kosa langu na Pablo

Ndiyo maana mara ya kwanza nilichagua Medellín, na ndiyo maana nilijuta.

Siku ya mdahalo vijana watatu walikuja wamejichora masharubu kwa kalamu ya wino. Walijua kila kitu kuhusu Pablo Escobar: kwamba alijenga nyumba mia kadhaa kwa ajili ya watu wa dampo la Moravia, kwamba aliweka taa kwenye viwanja vya mpira, kwamba mwaka 1982 alichaguliwa kuwa mbunge wa akiba, kwamba aliuawa juu ya paa Desemba 2, 1993. Hawakujua jina la mtu hata mmoja aliyekufa kwenye ndege ya Avianca iliyolipuliwa Novemba 1989 ikiwa na watu 107. Kwa saa nzima darasa langu lilijadili kama Pablo alikuwa mtu mzuri. Uchumi wa mji, sindano ya Coltejer, dirisha la kushoto, vyote vilizama.

Nilijaribu kuwaokoa kwa viboko wake. Escobar aliingiza viboko wanne shambani kwake, naye alipokufa hakuna aliyejua la kuwafanya. Wakazaana, wakaingia mto Magdalena, sasa wamepita mia moja na wavuvi wa kule wanawakimbia. Watoto wa ziwa wanamjua kiboko, wanajua anavyopindua mtumbwi. Wakafurahi sana. Wakazungumzia viboko mpaka kengele ikalia.

Tatizo si wanafunzi. Medellín ina mhusika mkuu, na mhusika mkuu hummeza kila mtu. Ukiwa na kikundi cha watu wazima, au wanafunzi wa chuo walio na uvumilivu wa kusikiliza, unaweza kumweka Pablo pembeni. Kwa kidato cha tatu, sijaona anayeweza.

Miami haina Pablo. Ilikuwa na Griselda Blanco, bosi mwanamke wa kokeni, kweli, na wengine wa aina yake, lakini kijana wa Kirumba hajamvaa kwenye fulana. Wahusika wa Miami ni karani wa benki, dalali, fundi boti, askari mpya. Hakuna anayetaka kujichora sura ya karani wa benki.

Chewa wa mraba

Na Miami ina kitu ambacho Medellín, mji wa bondeni mbali na bahari, hauwezi kuwa nacho: wavuvi.

Upande wa pili wa rasi ya Florida, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Miami, kuna Everglades City. Jina ni la mji ila ni kijiji, watu mia tano hivi, barabara moja ya kuingilia, na mbele yake visiwa vya mikoko visivyohesabika. Watu wake waliishi kwa samaki na kaa. Kisha hifadhi ya taifa iliyowazunguka ikaamua kufunga uvuvi wa biashara ndani ya maji yake. Boti zilikuwepo, mikopo ya injini ilikuwepo, na hakuna polisi wa doria aliyeijua njia ya mikoko usiku kama mvuvi. Mwenye mzigo alihitaji hicho tu. Mzigo wa kijiji kile ulikuwa bangi zaidi kuliko kokeni, lakini ulishuka kwenye pwani ileile na kwa mtindo uleule. Marobota yaliyoangushwa majini wavuvi waliyaita kwa jina la samaki wao, chewa, wakaongeza "wa mraba". Usiku mmoja wa kupakua ulimlipa mtu zaidi ya msimu mzima. Alfajiri moja ya Julai 1983 mawakala wa serikali kuu waliifunga ile barabara pekee na kuanza kugonga milango.

Nilipolisoma hili darasani hakuna aliyecheka kwa "chewa wa mraba". Mwaka 2018, wakati wa operesheni ya nyavu haramu, baadhi yao waliona makokoro ya nyumbani kwao yakichomwa moto ufukweni. Siwalaumu waliochoma, sangara walikuwa wanaisha. Lakini kila mtoto pale aliijua ile hesabu: boti ipo, deni lipo, samaki hakuna. Msichana mmoja wa Ukerewe alisema, polepole, kwamba akitokea mtu na kusema nibebee mfuko huu mpaka ng'ambo, usiufungue, baba yake angeuliza bei kwanza. Nilimshukuru kwa ukweli wake na sikumwongezea neno.

Hapo ndipo mdahalo ulipoacha kuwa wa maghorofa.

Askari wa mtoni

Sehemu hii ni fupi lakini usiiruke. Baada ya ghasia za 1980 na wimbi la mauaji, Miami iliajiri askari wengi kwa haraka, ikalegeza mchujo. Mwaka 1985, usiku, baadhi yao wakiwa wamevaa sare walivamia boti iliyokuwa imefungwa kwenye karakana ya mto Miami. Haikuwa kwa ajili ya kukamata. Walitaka kuiba mzigo wa kokeni, zaidi ya kilo 300. Wanaume waliokuwa wakiulinda walirukia majini na watatu wakafa maji. Uchunguzi uliofuata ulifagia makumi ya askari. Medellín nayo ina habari zake za polisi, ila kule nyingi ni za kuuawa: mwaka 1990 pesa iliwekwa juu ya kichwa cha kila askari, na mamia wakafa. Ukitaka vijana wajadili jinsi pesa inavyomla mlinzi, Miami. Ukitaka wajadili jinsi inavyomwua, Medellín.

Kilichobaki

Hapa nitaisifu Medellín kwa moyo mweupe. Mwaka 2004 treni ya mjini iliongezewa gari la kamba linalopanda mitaa ya mlimani, kisha zikaja maktaba kubwa kwenye vitongoji ambavyo teksi zilikuwa hazifiki, na mwaka 2011 ngazi za umeme kwenye Comuna 13, mojawapo ya mitaa hiyo ya mlimani. Vijana hudhani hizo ni pesa za Pablo zilizobaki. Sizo kabisa. Sehemu kubwa ya nguvu ya mji ule inatokana na EPM, shirika la maji na umeme ambalo ni mali ya manispaa, na sehemu ya faida yake hurudi kwenye bajeti ya mji kila mwaka. Bili za maji ndizo zilizojenga. Jengo la Mónaco, lililokuwa makazi ya Escobar, lilibomolewa kwa baruti Februari 2019. Kwa haki, usiwaambie kwamba maktaba peke yake zilileta utulivu. Mwaka 2002 jeshi liliingia Comuna 13 kwa vita ya kweli, watu wengine walipotea na hawajaonekana, na kwa miaka kadhaa kundi moja lenye silaha lilikuwa limeyashinda mengine.

Kilichobaki Miami ni maghorofa na benki, na biashara yenyewe ilihama. Serikali ilipoleta kikosi maalumu mwaka 1982 na kuzibana njia za Karibi, mzigo ukageukia Mexico. Bei ya kokeni haikupanda miaka ile. Ilishuka, maana mzigo ulizidi kuwa mwingi. Kijana mwenye hesabu anaweza kukaa na hilo wiki nzima.

Basi uchukue upi

Kama kikundi chako ni cha watu wazima, wafanyabiashara, makarani, viongozi wa mitaa, watu wanaopanga mji: chukua Medellín, uwaonyeshe EPM na ngazi za mlimani, Pablo umpe dakika tano tu. Kama ni vijana wa sekondari wa pembeni ya ziwa, chukua Miami. Anza na sangara, ingia kwenye uzito wa noti, pita Dadeland haraka, kisha kaa Everglades City kwa muda uliobaki. Idadi ya vifo unaweza kuiazima Medellín kwa ajili ya ile hesabu ya ubaoni, ukaandika mji kuwa "mji mwingine wa Amerika ya Kusini". Najua ni ujanja.

Ukiwa na vipindi viwili, tumia yote miwili, ila Miami itangulie. Wakishaona karani na dalali na mvuvi, Pablo hupungua kimo.

Mara ya pili yule kijana wa Igogo, sasa kidato cha nne, alipangwa tena upande wa kutetea hoja. Alitetea vizuri sana, akaleta Brickell, akaleta ajira za mafundi, akashinda kwa kura 21 kwa 17. Wakati wa kutoka alinisubiri mlangoni akauliza, "Madam, yule karani wa benki, yeye alifungwa?" Nikamwambia wengine ndiyo, wengine walipandishwa cheo. Akatikisa kichwa akaenda.

Vifaa: mizani ndogo ya dagaa, chaki za rangi mbili, na mfuko wa saruji. Mfuko muombe fundi ule mtupu. Mimi nilibeba uliojaa kutoka geti mpaka darasani, na mgongo ulinikumbusha wiki nzima.